Tachipadi inanihamishia maneno, na mteja kasimama mbele yangu

MamaKurasa:
Wakuu, habari za leo. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, nachapa barua, CV, mikataba, ukurasa buku. Laptopu yangu inataka kunikosanisha na watu, hasa hii tachipadi, kile kibao cha kuongozea mshale kwa kidole.

Jana kaja mzee na mkataba wa mauziano ya kiwanja, kauandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Mimi nikichapa, macho yangu yapo kwenye karatasi, skrini siiangalii mpaka mwisho wa aya. Nainua kichwa, nakuta "kwa hiari yake bila kushurutishwa" imeingia katikati ya jina la shahidi. Na shahidi mwenyewe yuko kaunta, anasoma kichwa chini miguu juu. Akaniuliza, "Mama, hilo ndilo jina langu jipya?"

Nikafuta, nikarudia. Kale kamstari kanakowakawaka kakaruka tena, kakatua mistari mitatu juu. Huku mwenyekiti wa mtaa anasubiriwa na muhuri wake.

Tachipadi nimeshaifuta kwa kitambaa chenye spiriti, nimezima na kuwasha, draiva, ile programu inayoiendesha, nimeiweka upya. Nimechomeka mausi ya jirani, bado inaruka. Na msiniambie ninunue yangu, maana sina pa kuiweka: printa, mashine ya kopi, ya kulamineti, kilichobaki ni kikopo cha chenji.

Ah, na siku hizi pale chini pa kubonyezea pamekuwa pagumu, ule mlio wa "tak" haupo. Niliinunua mtumba, huu mwaka wa tatu.

Bwashee_Boko:
Mausi elfu kumi tu mama, unajitesa bure.

MamaKurasa:
Baba, umesoma nilichoandika?

FundiWaya:
Shikamoo mama. Huyo bwashee msamehe, ila mausi kweli isingekutibu. Ukichomeka mausi tachipadi hailali, mpaka uiamuru kwenye mipangilio. Inaendelea kukusikiliza mkono.

Na haisikilizi uzito, inasikiliza umeme. Chini ya ile plastiki kuna nyaya nyembamba zilizopishana kama wavu. Kidole kikikaribia, chaji ya pale inabadilika, nayo inajua umegusa wapi. Shida ni kwamba chochote kinachobadilisha hiyo chaji nacho inaweza kukiona ni kidole: shina la dole gumba wakati unachapa, tone la jasho, umeme unaovuja kwenye chaja.

Kama ni shina la dole gumba, dawa iko kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Bluetooth na vifaa, halafu tachipadi. Shusha unyeti uwe wa chini kabisa, na uondoe tiki pale panaporuhusu kugusa kwa kidole kimoja kuwe ni kubofya. Mkono ukiegemea kwa bahati mbaya hautahamisha kitu, utabofya kwa kubonyeza tu.

Lakini mama, mimi nimekwama pale uliposema pamekuwa pagumu kubonyeza. Naomba ufanye mambo mawili kabla ya yote. Kwanza chomoa chaja, chapa ukurasa mzima kwa betri. Pili, funga laptopu, iweke mezani, uone kama imekaa sawasawa au inacheza. Kisha ifungue, laza rula ya wanafunzi juu ya tachipadi, ikatize upana wa laptopu. Niambie rula imelala au inabembea.

Kijana_wa_Nyali:
Yangu ilikuwa inafanya hivyo nikiwa kwa chaja pekee. Ukipitisha mkono kwa bodi unahisi kitu kama inakutekenya. Kumbe nilikuwa natumia adapta ya miguu miwili, hakuna ethi, ule mguu wa kupeleka umeme ardhini. Nilipoweka waya wa miguu mitatu ikanyamaza.

Mwalimu_Chaki:
Mimi niliizima kabisa, kuna kitufe kimojawapo cha F1 hadi F12 chenye picha ya tachipadi, unakishika pamoja na Fn. Natumia kile kinundu chekundu cha laptopu za ThinkPad kati ya G, H na B. Wanafunzi wanakicheka, lakini mkono hautoki kwenye herufi.

MamaKurasa:
Marahaba fundi. Kwa betri inaruka vilevile, labda kuruka kumepungua kidogo. Ikifungwa mezani inacheza, nilidhani ni meza. Na rula inabembea! Nikibonyeza ncha ya kushoto, ya kulia inainuka, karatasi mbili tatu zinapita chini yake. Tachipadi imetuna katikati kama andazi. Kila siku naigusa na sijawahi kuliona hilo.

FundiWaya:
Mama, izime sasa hivi na usiichaji tena. Hilo andazi ni betri. Kwenye laptopu nyingi betri imekaa chini ya tachipadi. Ikichoka inaweza kutengeneza gesi ndani, inavimba, na mahali pa kupandia ni hapo juu. Ndiyo maana kitufe kimekosa nafasi ya kushuka, na tachipadi imebanwa ikapinda, chaji ya zile nyaya inabadilika, inajiona inaguswa.

Usiikandamize irudi, usiitoboe ili "itoe upepo". Nimemwona mtu akifanya hivyo kwa pini, ikatoa moshi tukakimbilia nje. Mpelekee fundi aitoe. Mwambie mapema imevimba, asiingize bisibisi ya chuma chini yake. Kazi zako utazihamishia kwenye flashi baadaye, diski zinamokaa haina tatizo.

Bwashee_Boko:
Mama nimekoma. Nimekwenda kuweka rula kwenye yangu pia.

FundiWaya:
Na?

Bwashee_Boko:
Imelala, alhamdulillah.

MamaKurasa:
Nimerudi, wiki mbili zimepita. Betri ilitoka imejaa kama mto wa mtoto, fundi akaiweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Ametia nyingine, elfu tisini baada ya kubishana. Ule mlio wa "tak" umerudi, siku ya kwanza nilikuwa nabonyeza tu bila sababu.

Ilibaki inaruka mara mojamoja nikichaji. Nikamkumbuka kijana wa Nyali, nikatazama chaja yangu: adapta ya miguu miwili, ile niliyopewa siku ya kununua. Nimeibadilisha, na unyeti nimeushusha kama FundiWaya alivyosema. Leo nimechapa kurasa kumi na moja, hakuna kilichohama.

Yule shahidi alikuja juzi kupiga kopi ya mkataba. Hata hakusalimia, aliuchukua kwanza akatafuta jina lake.