Kelele za X zingetabiri kalamu ya Ruto?

Kuna mwenzetu kasema hapa kwamba siku hizi kujua rais ataamua nini si kazi: fungua X (Twitter ya zamani), hesabu hashtegi. Mfano wake ni Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, watu walivyopiga kelele mpaka Rais Ruto akaukataa. Ndugu yangu, hapo umechagua mwaka unaokufaa.

Juni 26, 2023, Ruto huyohuyo alitia saini mswada wa fedha wa mwaka ule, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ndani, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta imepanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Na mtandaoni watu walikuwa wamelalama mpaka basi. Juni 26, 2024, tarehe ileile, akagoma kutia saini. Mhesabu kelele hapo kapata moja kakosa moja, na mimi kwa kurusha shilingi juu napata hivyohivyo.

Kama kuna dalili ya kutazama, ni vile watu wanavyoongea. 2023 tulilalamika, 2024 vijana walipangana. Mswada ulielezwa TikTok kwa lugha za nyumbani, mtu anamfafanulia shangazi yake kodi ya mkate. Namba za simu za wabunge zikazagaa, SMS zikawamiminikia. Gumzo likawa tukutane wapi, saa ngapi, nani ana maji. Juni 18 VAT ya mkate ikaondolewa kwenye mswada. Hiyo sawa, ungeweza kuibashiri.

Lakini usiku wa Juni 25, wabunge 195 wakiwa wameshaupitisha, Ruto alihutubia kwa ukali na kutaja uhaini. Nani aliyelala akijua kesho yake atarudi nyuma?

*Jibu la kwanza:*
Unaupa mtandao sifa inayowastahili marehemu. Watu walipigwa risasi nje ya Bunge siku ile. Rais alitazama maiti, hakutazama hashtegi. Halafu mbona umeishia Juni? Desemba 11 alitia saini sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, na baadhi ya mapendekezo yale yalirudi humo.

*Mwanzisha mada:*
La marehemu nimelipokea, nilipaswa kuanza nalo. La Desemba nalirudisha kwa mwenzetu wa hashtegi: wewe uliyekuwa unahesabu, lile uliliona likija?