Kiwanda cha tofali ukutani kwangu: mto wameumaliza, sasa ni zamu ya mapafu yetu

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira, mtakaokutana na neno kali mnivumilie. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa kelele za baa, hii ni habari nyingine kabisa.

Saa kumi na moja na robo alfajiri injini ya dizeli inawashwa nyuma ya ukuta wangu. Inakohoa mara mbili tatu, halafu mashine ya tofali inaanza kutetemeka na vyombo kabatini vinaitikia. Kikombe cha chai nimekihamisha kutoka meza ya dirishani kwa sababu kilikuwa kinatembea chenyewe mpaka ukingoni. Sitanii. Watoto wangu hawaamshwi na saa wala jogoo, wanaamshwa na kitanda.

Mtaa siutaji maana nitajulikana kesho yake. Nipo pembezoni mwa Dar, upande wa kaskazini, nyumba za watu waliojenga kwa kudunduliza, mto unapita chini yetu. Nilipohamia 2016 hapo nyuma palikuwa na kiwanja chenye mikorosho mitano. Baadaye mwenye kiwanja akakodisha kwa "kijana anayefyatua tofali kidogo tu". Hicho kidogo leo ni mashine tatu, vibarua hawapungui 20, na rundo la mchanga lililopita kimo cha bati langu. Mikorosho walianza kuikata siku ya kwanza kabla hata ya kushusha mashine.

Twende kwenye vumbi. Simenti inamwagwa kutoka kwenye mfuko hivi hivi, kisha mfuko unakung'utwa ili isibaki hata punje. Upepo wa kusi ukivuma, wingu lote linakuja kwangu. Juzi nilichuma jani la mwembe wangu nikapitisha kidole, kijani kikatokea chini yake kama mtu aliyefuta ubao. Pipa la maji tusipolifunika usiku, asubuhi lina ngozi juu kama maziwa yaliyopoa. Sare za shule tunaanikia chumbani. Mtoto wangu wa mwisho ana pumu, na swali la kwanza tuliloulizwa zahanati lilikuwa: mnakaa jirani na nini?

Kuna watu wataniambia vumbi ni vumbi, Dar nzima ina vumbi. Hapana ndugu zangu. Sehemu kubwa ya mchanga ni silika, yale madini yanayotengenezewa kioo, na chembe zake ndogo usizoziona kwa macho ndizo zinazozama ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile lililo chini ya WHO, liliitia silika ya fuwele kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1997. Silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuiponya. Na vibarua pale wanafanya kazi wamejifunga fulana puani. Mmoja, kijana mdogo tu, alikuja kuomba maji ya kunywa nikaona viganja vyake, ngozi ya vidole imepasuka kama shamba la mpunga lililokauka. Nikamuuliza glavu ziko wapi. Akacheka, "Braza, glavu ni za bosi akija kupiga picha za matangazo." Simenti mbichi inaunguza ngozi, yule mtoto anaishika kwa mikono mitupu kutwa, analipwa kwa idadi ya tofali.

Sasa mto.

Nilipohamia ulikuwa unavuka kwa kukanyaga mawe matatu. Sasa hivi kutoka juu ukingoni mpaka chini kwenye maji ni kimo cha mtu kusimama juu ya mabega ya mwenzake. Fuso zinaingia usiku, taa zimezimwa, wanachota mchanga kwa koleo mpaka saa tisa. Mto ukichimbwa chini, maji ya masika hayana pa kutulia, yanakata kingo. Masika iliyopita choo cha mama mwenye nyumba ya kona kiliondoka chote, na shimo lake, na vyote vilivyokuwamo, moja kwa moja mtoni. Watu wa chini yetu wanafulia humo. Mizizi ya mwembe wake sasa inaning'inia hewani kama miguu ya mtu aliyekaa ukutani.

Na sheria ipo! Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mchanga wenyewe kisheria unahesabika kwenye madini ya ujenzi, unachimbwa kwa leseni. Hata kelele na mitetemo ina kanuni zake za 2015. Karatasi tunazo, wakuu. Hatuna mtu wa kushuka kutoka kwenye gari kwenda kuzisoma mbele ya Fuso.

Najua tatizo ni kubwa kuliko mtaa wangu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 mkoani Dar, ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka 10, kila mmoja anataka chumba, chumba kinataka tofali, tofali linataka mchanga. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Na usidhani jangwa litatuokoa. Mchanga wa jangwani upepo umeusugua mpaka punje zimekuwa laini, hazishikani kwenye zege, ndiyo maana kuna nchi za Ghuba zenye jangwa tupu na bado zinaagiza mchanga nje. Kwa hiyo wa mtoni utaendelea kutafutwa. Tunayemwachia kazi ya kuamua utoke wapi ndiye dereva wa Fuso.

Upande wa simenti nao. Mawe ya chokaa yanachomwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi kama 1,450, na yenyewe yakichomwa yanatoa hewa ya ukaa hata kama ungetumia moto usio na moshi. Karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu inatoka huko. Sasa hapa ndipo mtu wa kiwanda alinichekesha. Nilipomgusia hilo akaniambia yeye anatunza mazingira kwa sababu anabana simenti!

Kubana kwake nilikuona kwa macho. Jumamosi moja nilikaa juu ya ukuta na fundi wangu, mzee aliyejenga tangu enzi za tofali la inchi 6 lililokuwa zito kweli, tukahesabu. Mfuko mmoja wa kilo 50, toroli 16 za mchanga, tofali 58. Mzee akashika kiuno. Yeye anasema tofali la inchi 6 la kujengea usizidishe 25, ukibanwa sana 30. Lile la 58 ni mchanga uliopakwa rangi ya simenti. Tofali linatakiwa kumwagiwa maji siku saba angalau, wao wanamwagia mbili, siku ya tatu kirikuu inapakia. Mengine yanavunjika kwenye kirikuu, yale yanayofika salama ndiyo unajengea watoto wako walale.

Mto umechimbwa, simenti imechomwa, dizeli imeungua, halafu tofali lenyewe miaka mitano linamumunyika na unaanza upya. Huko ndiko kutunza mazingira?

Na siku wakikosa mchanga wa mtoni wanaleta wa pwani. Mnazijua nyumba zinazoliwa na chumvi, rangi inabanduka kila mwaka, plasta inatoa unga mweupe? Hiyo chumvi ikifika kwenye nondo za lenta haiachi kitu, nondo inavimba kwa kutu na zege linapasuka kutoka ndani.

Sasa ofisi. Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikampa shikamoo yake na heshima zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, vijana wanatafuta riziki. Halafu wewe nyumba yako ulijengea nini?"

Wakuu, nilinyamaza. Kwa sababu chumba changu cha nyuma na ukuta wa uzio nilijengea tofali za palepale. Zilikuwa bei nafuu na kuzihamisha ni kurushiana tu juu ya uzio. Leo nikipigilia msumari wa picha unaingia kama kwenye keki, na mchanga unamwagika kwenye mto wa kulalia. Basi, nimesema mwenyewe kabla hamjanifukunyua.

Lakini kosa langu la kununua halimpi yeye ruhusa ya kuweka kiwanda kwenye makazi. Nikapanda kata. Wakasema andika barua. Nikaandika, ikapotea. Nikaandika nyingine, nikagongewa muhuri kwenye nakala, wakasema ipo kwa afisa mazingira. Baada ya wiki tisa afisa akaja. Siku hiyo mashine zote kimya, yadi imemwagiwa maji mpaka inanukia kama mvua ya kwanza, vibarua watatu tu wamevaa glavu mpya. Afisa akaniuliza mbona hali ni nzuri. Mimi nilitaka kumuuliza nani amewapigia simu, mke wangu akanibana mkono.

Tusiambiwe Serikali haiwezi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na tuliona, wiki chache tu tukawa tunabeba vikapu kama enzi za bibi zetu. Ikiamua, inaweza. Hapa haijaamua.

Na sisi wananchi nasi tuambiane. Nani alituroga tukaamini kwamba nyumba ni tofali la simenti na bati, na yote mengine ni umaskini? Machi niliwahi kulala kwa shangazi yangu Mji Mkongwe, Unguja. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, dari la boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali, kama mita tatu hivi basi. Nje jua linapasua kichwa, ndani nililala bila feni. Kwangu huku, bati na ukuta wa inchi 6, saa nne usiku ukuta bado unatoa joto kama tanuri la mikate, umeme ukikatika tunatoka nje kulala barazani na vumbi letu. Sisemi turudi kuchimba matumbawe, huko nako tungemaliza pwani. Nasema kuna akili tuliyoitupa.

Tofali za kufungamana zipo miaka mingi tu na watu wanajengea. Udongo wa tifutifu mwekundu, simenti kidogo sana, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono isiyo na injini, unamwagiliwa wiki, haliingii tanuru. Yanaingiliana yenyewe kwa hiyo simenti ya kuungia haihitajiki sana, na ukuta ukitoka vizuri hata plasta unaweza kuacha. Nilimweleza jirani yangu akasema, "Nyumba ya udongo? Wakwe watanionaje?" Huyohuyo msingi wake umekaa mita kumi kutoka ukingo wa mto. Tofali za kuchoma nazo sizitetei, ukiuliza kuni zinatoka wapi utachoka.

NYONGEZA, saa tatu usiku:

Nimesoma maoni yenu. Mkuu uliyesema nihame, nyumba hii nimeijenga miaka saba, nihamie wapi, na huko nitakakohamia tofali zinafyatuliwa angani?

Uliyesema nina wivu na kijana anayejitafutia: kijana anayejitafutia ni yule wa viganja vilivyopasuka. Bosi wake anakuja na gari jeupe, anafunga vioo kabla ya kuingia getini. Mwenyewe anajua kilichomo kwenye hiyo hewa.

Wewe uliyeuliza kama nataka kifungwe kabisa, sitaki. Nataka kihamie eneo la viwanda, kisimamiwe, vibarua wapewe barakoa na glavu za kweli, mchanga uje na risiti ya mahali penye leseni, na tofali lipimwe kwa kiwango cha Shirika la Viwango, TBS. Kwani ni maombi ya ajabu hayo?

Anayemjua fundi mwenye mashine ya mkono ya tofali za kufungamana upande huu wa Tegeta mpaka Bunju anitumie ujumbe pembeni. Chumba cha nyuma nakibomoa, nimeshaamua.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakwenda na tofali mbili, moja ya pale nyuma na moja ya kufungamana niliyoomba kwa mtu, nitaziachia zote kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ya ofisi mbele ya watu. Mama wa kona amesema atakuja na kipande cha sinki la choo chake, kilichobaki.