Kwaresima siku 40, mbona kalenda inatoa 46? Na Pasaka inahama kwa kanuni gani?

Sauti_ya_Tatu

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, wapendwa wote.

Swali langu ni la hesabu, si la mabishano. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili. Nikihesabu toka hiyo Jumatano hadi Jumamosi Kuu napata siku 46: za Februari 11, za Machi 31, za Aprili 4. Tunafundishwa ni 40. Wapo wanaosema Jumapili hazimo, wapo wanaosema Kwaresima inakoma Alhamisi Kuu. Yupi mkweli?

La pili, Pasaka inapatikanaje? Nataka njia ya kuitafuta mwenyewe kwa kalamu na karatasi, si jibu la "wanapanga wakubwa". La tatu, Waorthodoksi mbona 2025 tulisherehekea nao siku moja, na 2024 wakatufuata wiki tano baadaye?

Katekista_Mstaafu

Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anahesabu kitu chake.

Anayetoa Jumapili anahesabu siku za mfungo. Katika hizo 46 zako kuna Jumapili sita: 22 Februari, 1, 8, 15, 22 na 29 Machi (hiyo ya mwisho ni Matawi). 46 toa 6, unabaki na 40. Tangu zamani sana Kanisa halikufunga Jumapili, kwa kuwa ni siku ya Ufufuko.

Anayekoma Alhamisi Kuu anahesabu kipindi cha liturujia. Kwa kalenda ya Kirumi iliyorekebishwa mwaka 1969, Kwaresima inakwisha kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana, jioni ya Alhamisi Kuu. Kuanzia hapo ni Siku Tatu Kuu za Pasaka, ambazo ni kipindi kinachojitegemea. Sasa hesabu toka Jumatano ya Majivu hadi Alhamisi Kuu, Jumapili zikiwemo: 44. Hesabu toka Dominika ya kwanza ya Kwaresima hadi Alhamisi Kuu: 7 za Februari, 31 za Machi, 2 za Aprili. Jumla 40 kamili, bila kutoa chochote. Hiyo ndiyo hesabu kongwe ya Roma.

Jumatano yenyewe ilikuja baadaye. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alihesabu wiki sita mara siku sita za kufunga akapata 36, akaziita zaka ya mwaka. Baadaye ili siku za kufunga zitimie 40 zikaongezwa nne mbele: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Ndiyo maana Kwaresima yetu inaanza katikati ya wiki, jambo ambalo ukilitazama kwa makini ni la ajabu kidogo. Milano, wanaofuata liturujia ya Ambrosi, bado wanaanza Jumapili.

Tahadhari moja. Kusema "Jumapili si siku ya kufunga" si sawa na kusema "Jumapili si ya Kwaresima". Ni Dominika ZA Kwaresima: Aleluya haiimbwi, Utukufu hauimbwi, rangi ni zambarau (ya nne inaruhusu waridi). Waimbaji wengi huteleza hapo, wakadhani kwa kuwa mfungo umepumzika basi na nyimbo za shangwe zimerudi.

Mpanga_Kalenda

Nachukua la pili na la tatu.

Kanuni: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia 21 Machi au baada yake. Ila kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka, kisha wanashangaa wakikosea. Kwanza, 21 Machi ni tarehe iliyofungwa. Haijalishi mwaka huo wanaastronomia wanasema usiku na mchana vinalingana tarehe 20. Pili, mwezi mpevu unaotumika si ule unaouona angani, ni wa jedwali la Kanisa. Miezi mipevu hurudia tarehe zake takribani kila miaka 19, kwa hiyo jedwali lina nafasi 19 tu.

Kalamu mkononi:

Gawanya mwaka kwa 19, chukua baki, ongeza 1. Namba hiyo inaitwa namba ya dhahabu. Kisha tafuta mwezi mpevu wake hapa (jedwali hili linafaa toka mwaka 1900 hadi 2199):

1 – 14 Aprili. 2 – 3 Aprili. 3 – 23 Machi. 4 – 11 Aprili. 5 – 31 Machi. 6 – 18 Aprili. 7 – 8 Aprili. 8 – 28 Machi. 9 – 16 Aprili. 10 – 5 Aprili. 11 – 25 Machi. 12 – 13 Aprili. 13 – 2 Aprili. 14 – 22 Machi. 15 – 10 Aprili. 16 – 30 Machi. 17 – 17 Aprili. 18 – 7 Aprili. 19 – 27 Machi.

Jumapili inayofuata tarehe hiyo ndiyo Pasaka. Mwaka 2026: ukigawanya kwa 19 unabaki na 12, ongeza 1 ni 13, mwezi mpevu 2 Aprili, ni Alhamisi, Pasaka 5 Aprili. Mwaka 2027: namba 14, mwezi mpevu 22 Machi, Jumatatu, Pasaka 28 Machi.

Kosa linalowapata wengi ni mwezi mpevu ukiangukia Jumapili yenyewe. Hapo unasogea hadi Jumapili ijayo. Jaribu 2025: namba 12, mwezi mpevu 13 Aprili, nayo ni Jumapili. Pasaka haikuwa 13, ilikuwa 20 Aprili.

Ukipata tarehe kabla ya 22 Machi au baada ya 25 Aprili, rudia hesabu. Pasaka haitoki nje ya hapo.

Kutoka Pasaka rudi nyuma siku 46 upate Majivu. Mwaka mrefu kumbuka Februari ina 29, la sivyo utaangukia Jumanne. Kwenda mbele, ongeza 39 upate Kupaa, ongeza 49 upate Pentekoste. Si 40 na 50, kwa sababu Pasaka yenyewe ndiyo siku ya kwanza. 2026: Kupaa ni Alhamisi 14 Mei, Pentekoste 24 Mei. (Baadhi ya mabaraza ya maaskofu huhamishia Kupaa Jumapili, kwa hiyo tazama kalenda yenu.) Krismasi haihami kama Pasaka: yenyewe imefungwa kwenye tarehe ya jua peke yake, 25 Desemba. Pasaka inafuata jua, mwezi na siku ya juma kwa pamoja, maana Injili zote nne zinaweka mateso ya Bwana wakati wa Pasaka ya Wayahudi, ambayo ni ya mwezi mpevu.

Waorthodoksi: kanuni ni hiyohiyo, na wote tunaihusisha na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Kinachotofautiana ni kalenda. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alirekebisha ile ya Julius Kaisari. Baada ya Alhamisi 4 Oktoba ikaja Ijumaa 15 Oktoba. Wao kwa Pasaka walibaki na ya zamani, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Kwa hiyo "21 Machi" yao ni 3 Aprili yetu, na jedwali lao la mwezi nalo limechelewa kwa siku kadhaa. Matokeo: ama siku moja, ama wiki 1, 4 au 5 baadaye. 2024 sisi 31 Machi, wao 5 Mei. 2026 wao ni 12 Aprili. 2027 wao ni 2 Mei. 2028 wote 16 Aprili. Waorthodoksi wa Finland ndio hawamo humu, wanatumia tarehe ya Magharibi.

Utasikia watu wakisema Waorthodoksi hungoja Wayahudi wamalize Pasaka yao. Hapana. Inatokea hivyo kwa sababu jedwali limechelewa, si kwamba kuna mtu anachungulia kalenda ya Kiyahudi.

Mwanafunzi_wa_Biblia

@Mpanga_Kalenda mbona 2019 mwezi ulikuwa mpevu 21 Machi kabisa, na Pasaka ikawa 21 Aprili?

Mpanga_Kalenda

Swali zuri, ndio mfano bora wa "mwezi wa jedwali". 2019 ina namba ya dhahabu 6. Kwa jedwali, mwezi wa Machi ulijaa tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo hauhesabiki. Unaofuata ni 18 Aprili, Alhamisi, Pasaka 21 Aprili. Angani mwezi ulijaa saa chache baada ya usiku wa manane wa kuamkia 21 kwa saa za Greenwich. Jedwali haliangalii angani, na faida yake ni kwamba dunia nzima inapata tarehe moja hata pale ambapo saa za mahali zinapishana.

Sauti_ya_Tatu

Asanteni sana, nimejaribu 2028 nikapata namba 15, 10 Aprili, Jumatatu, Pasaka 16 Aprili. Imekubali! Swali dogo: basi tunalazimika kufunga siku zote 40?

Katekista_Mstaafu

Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, hapana. Kufunga kwa lazima ni siku mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Maana yake mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo ukiviweka pamoja havifikii mlo kamili. Kunawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kujinyima nyama ni kwa waliotimiza 14 na haina kikomo cha uzee: siku hizo mbili pamoja na Ijumaa, na baraza la maaskofu linaweza kupanga namna yake. Wagonjwa hawafungwi na hili.

Ijumaa inayoangukia sherehe haina sharti la kujinyima (kanuni 1251). Mwaka 2027 itatokea: 19 Machi, Mtakatifu Yosefu, ni Ijumaa ya Kwaresima. Na mwaka huohuo 25 Machi, Kupashwa Habari, inaangukia Alhamisi Kuu, kwa hiyo inahamia Jumatatu 5 Aprili. Anayeandaa kalenda ya parokia aziandike mapema hizo mbili.

Wasichanganye pia na mfungo wa Ekaristi: saa moja kabla ya kukomunika, maji na dawa haviuvunji.

Mchungaji_Kijana

Bwana asifiwe. Kwa upande wetu wa Kipentekoste hatuna Kwaresima ya sheria, na Biblia haiamuru popote siku 40 kabla ya Pasaka. Inachotoa ni mifano: Musa (Kutoka 34:28), Eliya (1 Wafalme 19:8), Bwana mwenyewe (Mathayo 4:2). Anayeadhimisha na asiyeadhimisha wasomeane Warumi 14:5-6.

Ila nataka kusema na wanaofunga siku nyingi kwa kuiga hesabu ya 40. Biblia ina zaidi ya aina moja ya mfungo. Esta alikaa bila chakula wala maji, lakini siku tatu tu (4:16). Danieli alifunga wiki tatu, na hakuacha kula: aliacha chakula kitamu, nyama na divai (10:2-3). Mtu akichukua ukali wa Esta na urefu wa Musa anauweka mwili hatarini. Bila maji mwili haustahimili zaidi ya siku chache. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayekunywa dawa kila siku: achague mfungo wa Danieli, na mwenye dawa aongee kwanza na daktari.

Kufungulia nako kuna hatari yake. Baada ya siku nyingi bila chakula, sinia zima la wali usiku wa kwanza linaweza kuvuruga chumvi za damu hadi moyo ukashindwa. Anza na kidogo, laini, mara kadhaa kwa siku. Aliyekaa zaidi ya siku tano bila kula afungulie chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.

Mwanafunzi_wa_Biblia

Na hili la kuhesabu siku ya kwanza ndani linanirudisha Mathayo 12:40. Siku tatu mchana na usiku, lakini Ijumaa jioni hadi Jumapili alfajiri ni usiku mbili tu. Wengine ndio wanahamisha kusulubiwa hadi Jumatano.

Mpanga_Kalenda

Hakuna haja ya kuihamisha. Kwa Wayahudi kipande cha siku kilihesabika kama siku, pamoja na usiku wake. Linganisha Esta 4:16 na 5:1: wafunge siku tatu, usiku na mchana, kisha "siku ya tatu" anaingia kwa mfalme, hangoji ya nne. Mwanzo 42:17-18 vilevile: Yusufu anawaweka ndugu zake kifungoni siku tatu, na siku ya tatu anasema nao. Kisha soma Mathayo 27:63-64. Wakuu wa makuhani wanamwambia Pilato kwamba Yesu alisema atafufuka baada ya siku tatu, na papo hapo wanaomba kaburi lilindwe hadi siku ya tatu. Kama "baada ya siku tatu" kwao ilikuwa saa 72 kamili, wangeomba ulinzi hadi siku ya nne. Marko 15:42 na Luka 23:54 zinataja Maandalio, siku inayotangulia sabato, na Luka 24:1 inaanza na siku ya kwanza ya juma: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Wa Jumatano wana hoja yao kwenye Yohana 19:31, kwamba sabato ile ilikuwa "kubwa", hivyo huenda haikuwa Jumamosi ya kawaida. Lakini sabato ya Jumamosi ikikutana na sikukuu ni kubwa vilevile, na Luka 24:21 inawabana: Jumapili ile wale wa Emau wanasema leo ni siku ya tatu tangu mambo hayo yatokee. Ukianzia Jumatano, hata kwa kuhesabu toka kesho yake, Jumapili inakuwa ya nne.