Ushauri: Natafuta gari lenye uhai kidogo kwa milioni 18, nipo njia panda kati ya Altezza, Mark X na Runx Z

kaka_wa_goba
Wakuu habari za jioni. Nina shida naombeni mnisaidie, wa kucheka acheke ila ushauri atoe. Nimeendesha IST miaka mingi, haijawahi kunilaza njiani na sina ugomvi nayo, ila nikikanyaga mafuta inapiga kelele tu haiendi. Sasa nataka gari lenye uhai, sio la mashindano, la kuendesha kwa raha nikitoka kazini na wikiendi nikienda Moro kusalimia wazazi.

Bajeti 18m na hapo kila kitu kiwe ndani, kununua, kubadilisha jina, sevisi ya kwanza, na tairi kama zimeisha. Mkopo sitaki kusikia. Naishi Goba, ukiacha lami mpaka kwangu kuna kipande cha vumbi chenye makorongo na mvua ikinyesha mnajua wenyewe. Kazi iko Posta. Tuna mtoto mdogo kwa hiyo za milango miwili waifu ameshazikataa kabla sijamaliza sentensi.

Nilizoangalia ni za Toyota, yaani Altezza, Mark X ile ya kwanza, na Runx Z ya gia za mkono, na kuna jamaa ofisini kila siku ananiimbia Subaru Impreza WRX. Natanguliza shukrani.

bwana_tochi
Unakimbilia wapi mkuu. Hiyo njia ya Moro ni vibao vya 50 na tochi za trafiki kila kichaka, faini za elfu thelathini thelathini zitakumaliza kabla hata ya mafuta. Baki na IST yako.

kaka_wa_goba
Nilijua tu wa kwanza atakuwa wa hivi 😂

fundi_spana
Mkuu mimi niko gereji nakwambia ninayoyaona. Kwanza 18m yako usinunue gari la 18m. Tafuta la 14 mpaka 15 na hiyo nyingine isiguswe, maana magari yote uliyotaja ni ya miaka ya 2000 mwanzoni huko, bush zimekatika, shokapu zinavuja, injini maunti zimelala, na hakuna muuzaji anayebadilisha hivyo vitu ili akufurahishe wewe. Watu wanammalizia dalali hela yote halafu gari linakuja kwangu limefungwa kamba.

Tuje kwenye Altezza. Ziko mbili na watu wanazichanganya makusudi. SXE10 ndo RS200, injini 3S-GE silinda nne ile ambayo Yamaha walikuwa na mkono wao, ya gia za mkono inatoa nguvu za farasi 210 na gia ni sita. GXE10 ndo AS200, injini 1G-FE silinda sita, farasi 160, hiyo injini utaikuta mpaka kwenye Mark II Grand, ni tulivu na haifi ovyo ila kwa mwili wa Altezza tena ikiwa oto, kuondoka kwake utaona umerudi palepale ulipotoka. Nje zote zinafanana. Sasa mtu anabandika nembo ya RS200 kwenye AS200 ya oto halafu anakutajia bei kwa sauti ya juu. Nembo ya nyuma usiisome kabisa, fungua boneti usome kibati cha chasisi. Zote mbili zinatumia mkanda wa taiming, muuzaji akishindwa kusema ulibadilishwa lini wewe hesabu haujabadilishwa, weka mpya wiki hiyohiyo pamoja na pampu ya maji. Na hiyo 3S-GE iwashe asubuhi ikiwa ya baridi, ukisikia mkwaruzo kwa mbele sekunde chache halafu unapotea hiyo ni gia ya VVT-i, ile inayobadilisha muda wa valvu kufunguka, imechoka, na bei yake sio ya kwenda nayo mfukoni.

mnyama_mweusi
Mark X au rudi nyumbani. GRX120 ni V6 ya 2.5 farasi 215, ukipata GRX121 ile ya 3.0 ni farasi 256, gia sita za oto, inasukumwa na tairi za nyuma, na ni cheni sio mkanda. Spea ziko kila kona ya Ilala na Kariakoo. Ukiwa na hiyo kitu huna haja ya kumwonyesha mtu chochote, unapita tu.

fundi_spana
@mnyama_mweusi spea ndio zipo, ila mwambie na upande wa pili. Hiyo 4GR ya 2.5 ni D4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na masizi yanagandana pale miaka na miaka. Wenye Lexus IS250 huko Marekani walilia na injini hiyohiyo. Dalili yake ni gari likisimama kwenye foleni liko D linatetemeka, ukiongeza mafuta linatulia. Jingine ni kula oili. Chomoa dipstiki kabla hujauliza bei, nimeshakuta Mark X inang'aa kuliko kioo na dipstiki kavu, mwenye gari anasema "mbona taa haijawaka".

mnyama_mweusi
Yangu haili oili. Foleni ya Morocco mpaka Mwenge ndo inakula petroli, pale kilomita sita kwa lita nashukuru Mungu. Highway inafika kumi na moja.

dada_boksa
Naomba nimjibu huyo jamaa wa ofisini. Mimi nina Forester SG5 ya turbo na naipenda kufa, ila kama huna fundi wa Subaru unayemjua kwa jina na kwake, usiguse. Oili inabadilishwa kwa wakati sio "mwisho wa mwezi nikipata hela", ukitoka mbio ndefu unaiacha ingurume kidogo kabla hujazima ili turbo ipoe, mkanda wa taiming kila kilomita laki moja, na plagi zenyewe zimekaa ubavuni kubadilisha ni shughuli ya nusu siku kwa fundi asiyezoea. Nikwambie ukweli kaka, WRX ambayo haijachokonolewa kwa hela yako hupati. Utakayopata imepita kwa vijana watatu na kila mmoja ameongeza presha ya turbo na kuacha sevisi kwa anayefuata. Anayefuata ndo wewe.

kaka_wa_goba
Dada umeniokoa, WRX nimeifuta. Vipi kuhusu Runx Z? Watu wengi wananiambia Runx ni gari la walimu 😅

mwalimu_wa_kweli
Walimu tumekukosea nini.

gia_sita
Nimesubiri mtu aitaje. Runx ya kawaida hizi zinazojaa mjini ni NZE121, injini 1NZ ya 1.5. Runx Z ni mnyama mwingine, ZZE123, injini 2ZZ-GE ya 1.8, farasi 190 kwenye gari jepesi, gia sita za mkono. Chini ya mizunguko 6,000 ni Runx tu, unampeleka mtoto klinik hakuna anayekuangalia. Ukivuka hapo kamshafti inahamia upande wa pili na mlio unabadilika kabisa, unaanza kutafuta kisingizio cha kurudi gia ya chini. Milango mitano, buti la kutosha, chini yake ni ya Corolla kwa hiyo vitu vingi vya chini unapata kirahisi, na ikiwa na shokapu zake za kiwandani kwenye hilo korongo lako la Goba itapita bila kuburuza. Altezza iliyoshushwa bomba la moshi litabaki njiani.

Ubaya: ni chache, utatafuta mpaka uchoke. Na za miaka ya kwanza zina ugonjwa wa boliti za roka (vile vimkono vinavyosukuma valvu) kulika, zikilika ile sehemu ya juu haifunguki tena, unabaki na 1.8 ya kawaida yenye nembo ya Z. Kwa hiyo ukienda kujaribu, injini ikishapata moto vizuri, tafuta sehemu iliyonyooka upandishe gia ya pili mpaka juu usikie yenyewe. Muuzaji akikukatalia kupandisha basi ameshakujibu. Na weka petroli kwenye vituo vya maana, hii na ile 3S-GE zilitengenezwa kwa petroli ya oktani kubwa.

mtu_wa_thika_road
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mna bahati, huku gari ikipita miaka minane haiingii, so Altezza na hizo Runx tuko nazo ni za kitambo sana na wenyewe wanaziuza bei ni kama wanauza shamba. Me ningechukua hiyo Z jana.

mzee_wa_bandari
Kijana, kwa nini usiagize Japani ukapata ambayo haijaonja mashimo yetu?

gia_sita
Shikamoo mzee. Ushuru ndo unamkataza. Gari likizidi miaka kumi kuna ile asilimia 30 ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa 25, halafu ekisaizi 5 kwa injini inayozidi 1000cc mpaka 2000cc na 10 kwa inayozidi hapo, halafu VAT 18 inakuja kukalia juu ya vyote hivyo. Na TRA wana bei zao kwenye mfumo, risiti yako ya Japani ya bei ya kutupa hawana muda nayo. Kwa 18 yake gari la 2004 litafika ila hela ya mkanda na tairi itakuwa imeishia bandarini. Akinunua la namba C au D la ndani kodi ameshalipa mwenzake.

mzee_wa_bandari
Marahaba. Basi anunue la ndani lakini asiende na rafiki, aende na fundi.

kaka_wa_goba
Mrejesho wakuu. Jana nimepita yadi moja kuangalia Altezza, nyuma RS200, ndani imeandikwa RS200 mpaka kwenye kapeti. Nikaomba kufungua boneti kijana akaanza kuniambia habari za redio. Kibati kinasoma GXE10. Nimeondoka kwa adabu.

Leo nimeona Runx Z Kijitonyama, ZZE123 kweli, nimesoma mwenyewe. Mwenye gari ni mtu mzima anasema alikuwa anaendesha kijana wake. Niligusa boneti ikawa ya baridi nikafurahi. Nimewasha, hakuna moshi. Nikapitisha kidole ndani ya bomba kikatoka na masizi makavu, sio ya mafuta mafuta. Kifuniko cha oili hakina ile kitu nyeupe ya maziwa. Tulivyoenda Bagamoyo Road mzee mwenyewe ndo akaniambia "vuta", na kweli ilipopita sita pale nikasikia, nikashindwa kuzuia kucheka. Ila kwenye matuta inagonga mbele kulia, na usukani unavuta kidogo kushoto ukifunga breki. Anataka 15.5.

fundi_spana
Kugonga hapo anza na linki za stabilaiza na bush za wishboni, hizo hazikutishi. Usukani kuvuta kwenye breki ni kalipa imeshika, au imelala upande mmoja, inafunguliwa inasafishwa. Lakini sitaki kusema sijaliona, kwa hiyo lipandishwe juu tuangalie chasisi kwa chini kama imenyooshwa, hapo kwenye mapaja ya mbele ndo ajali inapojificha hata rangi ikiwa safi. Mpe 14, mkutane katikati. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki uone kama kijana wake hajaacha madeni ya tochi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo mzee, sio "la shemeji yangu yuko Mwanza".

kaka_wa_goba
Nimeangalia, kuna deni moja la elfu thelathini, amesema analipa yeye. Kadi ni jina la kijana wake, yuko Dodoma, anakuja Alhamisi.

fundi_spana
Basi mpaka Alhamisi usitoe hata advansi. Jumatano saa moja asubuhi lete gari gereji, na mwambie mzee asiliwashe kabla.

dada_boksa
Weka picha lakini.