Naomba ushauri: nipeleke visima vya Nyalenda kwenye tuzo ya wanafunzi wa GIS, au nihamie magugu maji?

Binti_Winam

Wadau, hamjambo. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Kisumu, nasomea ramani na GIS, yaani mifumo ya kompyuta ya taarifa za kijiografia. Kuna tuzo ya wanafunzi inakaribia, ya miradi iliyotumia teknolojia ya taarifa za kijiografia. Wanataka bango moja la ramani na maelezo ya kurasa mbili.

Mradi wangu ni wa visima na vyoo vya shimo katika mitaa ya Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu. Nimepita ploti kwa ploti na simu, nikirekodi kila kisima na kila choo kwenye fomu za KoboToolbox, programu ya kukusanya data: kama kisima kina mfuniko, kama kimejengewa ukingo, na kama maji hubadilika rangi mvua ikinyesha. Kuna ploti ambazo kati ya kisima na choo hakuna kitu ila kamba ya nguo. Nataka kuonyesha visima vilivyo karibu mno na vyoo, maana kila tukisikia kipindupindu, hofu yetu ya kwanza ni maji haya.

Wenzangu wananiambia hiyo ni kazi ya watu wa afya, haiwezi kushinda. Eti waamuzi wanataka setilaiti, droni na akili unde, kwa hivyo nihamie magugu maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Msimamizi wangu naye anataka jina lake litangulie langu kwenye bango, na mtaani hajafika hata mara moja. Hilo limeniuma. Nishaurini kwa yote mawili. Na je, nitumie QGIS, programu ya ramani ya bure, au ile programu ya kulipia ambayo chuo kina leseni yake?

Nyavu_za_Dunga

Dada, mimi ningekwenda na magugu maji, na sisemi kwa sababu ya waamuzi. Kwetu Dunga yakijaa ufuoni mashua hazitoki, na siku hiyo nyumbani hakuna kitu. Data ipo tena ya bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zinaonyesha hadi mita 10 kwa pikseli (mraba mmoja mdogo wa picha), na setilaiti mbili zikishirikiana hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5. Picha za setilaiti za Landsat nazo ni bure tangu 2008 na zinaanzia 1972, kwa hivyo unaweza kuonyesha ziwa kabla magugu hayajalivamia na baada yake. Mvuvi akiiona ramani hiyo ataielewa bila kufafanuliwa.

Pikseli_Safi

Nyavu, hoja yako ni nzito na natamani mtu aifanye kazi hiyo vizuri. Ila Binti ana miezi, hana miaka. Magugu yanaelea. Upepo ukigeuka, yaliyokuwa Dunga asubuhi yanaweza kuwa kwingine jioni, na ramani ya siku moja haimsaidii mvuvi wa wiki ijayo. Halafu kuna mawingu. Msimu wa mvua anaweza kukaa wiki kadhaa bila picha safi, ikambidi ahamie rada ya Sentinel-1 inayopenya mawingu, na hiyo ni taaluma nyingine ya kujifunza upya. Picha hizo pia kila mwanafunzi duniani anazo. Data ya visima vya Nyalenda unayo wewe.

Binti, ubaki na visima. Ila kuna jambo moja litakaloangusha mradi wako mbele ya mwamuzi yeyote anayejua kazi yake, afadhali ulirekebishe sasa. GPS ya simu chini ya anga wazi hukosea kwa takriban mita 5. Katikati ya kuta za mabati na nyumba zilizobanana hukosea zaidi. Wewe unapima umbali kati ya nukta mbili, na kila nukta ina kosa lake. Choo kilicho mita 8 kutoka kisimani, kwenye ramani kinaweza kusomeka mita 17, au kikaangukia ndani ya kisima chenyewe! Nukta za simu zinatosha kuonyesha kisima kiko mtaa gani. Umbali wa kisima na choo upime kwa tepu, uandike namba hiyo kwenye fomu kama safu yake. Ni kazi ya mikono, ndiyo, lakini ndiyo itakayoutofautisha mradi wako na mabango mengine yote.

Kipimo cha kulinganisha kipo: miongozo ya Sphere, inayotumiwa na mashirika ya misaada, inataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo chochote cha maji ya ardhini. Ukichora duara la mita 30 kuzunguka kila kisima, nahisi karibu mtaa mzima utageuka mwekundu, na ramani ambayo yote ni nyekundu haimwambii mtu aanzie wapi. Panga kwa hatari: kisima kisicho na mfuniko, choo kiko upande wa juu wa mteremko, na maji yananywewa. Vinavyotimiza yote matatu ndivyo vya kushughulikiwa kwanza. Mteremko ndani ya ploti uutazame kwa macho yako, kwa sababu data ya mwinuko ya SRTM ni ya mita 30 kwa pikseli na ploti nzima inaweza kuingia ndani ya pikseli moja.

Programu: soma masharti ya tuzo kwanza. Zinazoandaliwa na kampuni, kama Young Scholars ya Esri ambayo washindi wake huenda kwenye mkutano wa watumiaji kule San Diego, hutaka kazi iliyofanywa kwa programu za kampuni hiyo. Kama yako haina sharti hilo, QGIS inatosha kabisa, na leseni haitakufa siku utakayohitimu.

MwenyePloti_Manyatta

Nimesoma yote. Mimi nina ploti na nina kisima. Wanafunzi huja, wanauliza, wanapiga picha, wanaondoka, na hatujui yale majibu yalikwenda wapi. Binti yangu, nikuulize: ukiweka kisima changu kwenye bango kwa alama nyekundu, wapangaji wakaiona, nani atanilipa kodi? Mimi sikatai ukweli. Nataka niambiwe mimi kwanza, na niambiwe la kufanya. Mfuniko wa zege naweza kumudu. Kuhamisha choo kwenye ploti ndogo kama yangu siwezi.

Jingine, uliza maji ni ya nini. Kwangu ya kisima ni ya kufua na kuosha nyumba, ya kunywa tunanunua kwa mitungi. Lakini mfereji ukikauka, watu huchota hayo hayo wakanywa. Swali hilo sikuliona kwenye orodha yako.

Pikseli_Safi

Mzee amesema jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha GIS. Binti, kisheria pia yuko sahihi kuwa na wasiwasi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwenye bango usiweke nukta za ploti wala majina. Onyesha kwa vijisehemu vya mtaa, na orodha kamili umpe kila mwenye ploti yake, na wahudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo kwa ridhaa yao.

Mwalimu_Kakamega

Nafundisha jiografia sekondari. Wanafunzi wangu huwa nawaambia habari za John Snow, daktari aliyechora vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya Soho, London, mwaka 1854. Nawasisitizia kwamba mpini wa pampu ya maji ya Broad Street, ambako vifo vilikusanyika, uling'olewa. Mwamuzi akikuuliza ni nini kimebadilika Nyalenda, uwe na jibu, hata kama ni mifuniko michache.

Na jambo dogo la kiufundi kwa yeyote wa huku magharibi: ikweta inatupitia pale Maseno. Kwenye UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, Kisumu iko zoni 36 kusini, Kakamega iko 36 kaskazini. Ukichagua kaskazini kwa data ya Kisumu, visima vyako vitaruka hadi karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa sababu upande wa kusini hesabu ya mita za kaskazini huanzia 10,000,000 kwenye ikweta. Na usichore lile duara la mita 30 kabla ya kubadilisha data kutoka digrii kwenda mita, utapata duara linalomeza nusu ya Afrika.

Kuhusu jina kwenye bango, usigombane na msimamizi wako. Chapisha masharti, mpelekee ofisini kwa heshima, useme: "Daktari, wanasema mwasilishaji ni mwanafunzi, nawe nimekuandika kama msimamizi." Mstari wa msimamizi uwe mkubwa wa kusomeka. Akikataa, mwone mkuu wa idara kabla ya tarehe ya mwisho, na uwe na kumbukumbu za fomu zako, maana KoboToolbox inahifadhi tarehe na akaunti iliyotuma.

Binti_Winam

Nimewasikia, na asanteni kwa moyo wote. Nabaki na visima. Naongeza swali la matumizi ya maji, na narudi Jumamosi kuanza kupima. Mzee wa Manyatta, ukiniruhusu ningependa kuanzia kwako, na matokeo utayaona wewe kabla ya mwingine yeyote. Shida yangu ni tepu, niliyo nayo ni ya mita 5 ya seremala.

MwenyePloti_Manyatta

Njoo. Fundi wangu wa ujenzi ana ya mita 30, nitamwambia aiache hapa Ijumaa. Fika kabla ya saa tatu, wapangaji wakiwa bado wapo, uwaulize wenyewe kuhusu maji ya kunywa.