Tupeane uzoefu: Kuendesha michezo ya kuigiza mezani kwa watu usiowajua

Mshika Dadu (Birmingham)

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaokaa kiti cha msimulizi katika michezo ya kuigiza mezani, hasa wanaofanya hivyo mbele ya watu wasiowajua, kwenye matamasha, maktaba na kumbi za wazi. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, mtu mmoja husimulia hali ilivyo, wengine kila mmoja hushika mhusika wake na kusema mhusika huyo anafanya nini, na pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu hurushwa. Uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, na mpaka leo ndio ambao mpita njia huenda amewahi kuusikia.

Rafiki yako akichoka sebuleni kwako atakwambia wazi. Mgeni akijiona mjinga atatabasamu, atasema anakwenda kutafuta kahawa, na hutamwona tena. Ndiyo maana nauliza: mlifanya nini hasa, mgeni akabaki?

Nianze mimi. Hapa Birmingham, kila mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kumbi za maonyesho za NEC hupokea UK Games Expo, tamasha la michezo ya mezani lililoanza mwaka 2007. Mimi huendesha meza ya saa moja kwa wapita njia. Juu ya meza huweka kibao kinachosema mchezo utachukua muda gani, viti vingapi viko wazi, na kwamba hakuna anayetakiwa kujua kanuni yoyote. Sehemu ya muda ndiyo watu wanayoisoma kwanza, kwa sababu mtu mwenye watoto au mwenye treni ya kuwahi hawezi kukaa mahali asipojua atatoka lini. Sielezi kanuni mwanzoni. Kila mhusika ameandaliwa kwenye nusu karatasi: jina, mambo matatu anayoyaweza vizuri, jambo moja analoliogopa, basi. Kisha naanza moja kwa moja ndani ya tukio, na kanuni huja pale inapohitajika, sentensi moja kwa wakati.

Katika mojawapo ya meza hizo mama mmoja mtu mzima alikuwa amemsindikiza mjukuu wake. Alivuta kiti nyuma kidogo ya wengine, mkoba mapajani, akasema yeye anatazama tu. Sikumbishia. Mchezo ulipofika mahali ambapo wahusika wamejificha ndani ya ghala la bandarini na askari anabisha mlango, nilimgeukia nikamwuliza, "Bibi, huyu askari akitaka kujua nani yumo ndani, wewe ungemjibu nini?" Alijibu bila kusita kwamba angemwambia mna mgonjwa wa ndui, na aingie kama anapenda. Meza nzima iliangua kicheko. Nilimpa dadu ya pande 20, akarusha, ikatoka 17, na askari akatimua mbio. Muda si mrefu kiti kilikuwa kimesogea mpaka ukingoni mwa meza na mkoba ulikuwa sakafuni. Nadhani angekataa kama ningemkaribisha kucheza, kwa kuwa alikwisha kukataa. Swali lile halikumtaka ajue chochote kuhusu mchezo, lilimtaka awe mjanja tu, na ujanja alikuwa nao tele.

Bi Kete (Indianapolis)

Kaka Mshika Dadu, ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Mimi niko kwenye Gen Con, tamasha kongwe lililoanzia mji wa Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1968, na ambalo tangu mwaka 2003 hufanyika hapa Indianapolis. Mwaka 2023 lilipokea watu zaidi ya 70,000, kwa hiyo unaweza kukisia kelele zilivyo. Meza nyingi ni za saa nne, na tiketi hununuliwa mapema, maana yake msimulizi huwakuta watu sita waliokwisha kulipa na wasiofahamiana hata kidogo.

Tatizo langu kubwa huwa ni mjuzi. Yule aliyecheza miaka mingi, ambaye mgeni akifungua tu mdomo kusema "nadhani ningepanda paa", yeye humwambia kwamba mhusika wako hana uwezo huo, afadhali urushe mshale. Hana nia mbaya, anasaidia, lakini baada ya mara mbili mgeni huanza kumtazama yeye kabla ya kujibu, na hapo mchezo wa mgeni umekwisha. Kumkemea mbele za watu hakusaidii, kwa sababu mgeni ataogopa kuwa anayefuata kukemewa ni yeye. Ninachofanya ni kumpa mjuzi kazi ya kweli tangu mwanzo: kuandika orodha ya zamu, kuhesabu majeraha ya maadui, kuchora ramani. Mtu mwenye kalamu mkononi huwa na shughuli. Wakati huohuo humwuliza mgeni kwa jina la mhusika wake, nikimtazama yeye usoni: "Sefu, uko juu ya ukuta, mbwa wameanza kubweka, unafanya nini?" Swali lililomlenga mtu mmoja, jirani yake huona haya kulijibu.

Jambo la pili ni hesabu, ambayo wasimulizi wengi hawaitilii maanani. Anayehitaji kupata 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ana nafasi 50 katika 100. Mrusho wa kwanza maishani mwake, mbele ya watu asiowajua, ni sawa na kutupa sarafu! Kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons zina utaratibu wa kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na hapo nafasi hupanda mpaka 75. Kwa hiyo mrusho wa kwanza wa kila mgeni huutafutia sababu ndani ya hadithi ya kuwa wa dadu mbili: giza linamsitiri, au mwenzake anamshika mguu. Simdanganyi, na sifichi dadu zangu. Anaporusha mara ya pili na ya tatu, ameshaonja kufaulu, na kushindwa hakumvunji moyo tena.

Mwalimu wa Kisauni (Mombasa)

Salaam kwenu nyote. Huku kwetu matamasha makubwa ya aina hiyo ni machache, kwa hiyo mimi huendesha meza kwenye siku za vijana na maonyesho ya vitabu, na waliokaa mbele yangu huwa hawajawahi kuona hata hiyo dadu ya pande 20. Wengi huishika na kuigeuzageuza kwa muda kabla ya kuuliza namba inasomwa upande gani, nami huwaachia muda huo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Vitabu vya Kiingereza huwagawa watoto papo hapo, yule wa shule ya kulipia akasoma kwa sauti na wengine wakanyamaza. Mwezi Januari mwaka 2023 hati ya kanuni za msingi za Dungeons & Dragons toleo la tano ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kutafsiri, kubadilisha na kuchapisha mradi amtaje mwenye kazi. Nikachukua sehemu ndogo tu, kurasa chache, nikazigeuza kwa Kiswahili na kuzichapisha hapa mtaani. Karatasi ya mhusika ina nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Hakuna aliyeniuliza maana ya lolote kati ya hayo.

Kuanza mchezo hakunipi shida, kwa sababu tuna njia yetu. Ukumbi ukiwa na kelele nasema "Paukwa!", na kabla sijafunga mdomo "Pakawa!" imeshajibiwa, hata na watu wa meza ya jirani. Kila mmoja anajua hadithi inaanza na anajua kwamba msikilizaji naye ana sehemu yake ya kusema. Msimulizi wa Birmingham au Indianapolis hutafuta kitu cha kuwaamsha watu. Sisi bibi zetu walishatuachia.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni wazazi. Mchezo una wachawi na mapepo, na pwani hii mambo hayo si ya kuchezea. Wapo wazazi Waislamu na Wakristo ambao wakisikia mtoto "anaroga" mezani watamwinua, nao wana haki ya kufanya hivyo. Kwa hiyo hadithi zangu za hadharani ni za majahazi, wezi wa bandarini, ramani zilizofichwa na wafanyabiashara wenye hila, na mhusika mwenye vipaji vya ajabu ni tabibu au mnajimu. Mzazi akija namweleza kabla hajauliza, na namwekea kiti. Pia ratiba yangu hufuata adhana. Nikijua swala ya alasiri itaingia katikati, napanga mapumziko yaangukie hapo, ili anayekwenda kuswali asirudi akakuta mhusika wake ameshapangiwa mambo na wenzake.

Mzee wa Bao (Leeds)

Nimefuatilia kwa furaha, ila nina neno. Siku hizi kwenye matamasha ya huku naona kadi zenye alama ya X zimewekwa kila meza, na mtu akiigusa, kitu kinachosimuliwa hufutwa. Mimi nimecheza tangu ujanani na hatukuhitaji hayo. Mkiwatendea watu wazima kana kwamba ni mayai, si mnawatisha zaidi?

Mshika Dadu (Birmingham)

Shikamoo Mzee. Swali lako ni la haki na nimeshalisikia kwa wengi wa rika lako. Kadi hiyo ilibuniwa na John Stavropoulos wa Marekani, na ilikusudiwa hasa mazingira kama haya yetu, ambapo watu hawajuani. Ninyi ujanani mlicheza na watu mliowajua: ulijua nani amefiwa, nani aliwahi kupata ajali, ukakwepa bila hata kufikiri. Mimi mbele ya wapita njia watano sijui lolote.

Nakupa mfano mmoja. Nilikuwa nasimulia mashua inapigwa na mawimbi, na mtoto wa nahodha amechukuliwa na maji. Kijana aliyekuwa kimya muda wote alinyoosha kidole akaigusa kadi, hakusema neno. Nikasema, "Mtoto ameshika kamba, yuko salama ndani ya mashua, kinachozama ni sanduku la ramani." Tukaendelea. Sikumwuliza sababu, wala wengine hawakumwuliza, kwa kuwa nilikwisha kuwaambia mwanzoni kwamba anayegusa hadaiwi maelezo. Kijana yule alicheza mpaka mwisho. Bila ile kadi angelazimika kuchagua kati ya kueleza jambo lake mbele ya wageni na kuondoka. Nakubaliana nawe kwamba kuieleza kwa hotuba ndefu hutisha. Mimi hutumia sentensi mbili, kwa sauti ileile ninayoonyeshea vyoo vilipo.

Mzee wa Bao (Leeds)

Marahaba. Sanduku la ramani umelifanyia vizuri. Kwa meza ya wageni nakubali, kwa meza yangu ya nyumbani tutaendelea tulivyozoea.

Mgeni Njoo (Toronto)

Mimi nachangia kutoka upande wa pili wa meza, maana sijawahi kusimulia. Nilipofika Kanada nikitokea Goma, Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Kwenye maktaba ya mtaa niliona watu wakicheza, nikasimama pembeni. Msimulizi hakunihutubia, alinisogezea wahusika watatu waliochorwa, akaonyesha kwa kidole kwamba nichague. Nilichagua mwenye ngoma. Ilipofika zamu yangu maneno yalinikwama, akanisukumia kalamu na ramani, nikachora mstari: napita hapa, nazunguka nyuma ya nyumba, nafungua zizi la ng'ombe. Akausimulia mchoro wangu kwa sauti kama vile nimesema mwenyewe kwa ufasaha, tena akasubiri nitikise kichwa kwamba ndivyo. Ng'ombe wakavuruga kila kitu. Wiki iliyofuata nilirudi, na kuna maneno mengi ya Kiingereza niliyoyajulia pale, mengi yakihusu mifugo.

Bi Kete (Indianapolis)

Ndugu yangu, hilo la kusubiri utikise kichwa nimelichukua. Wasimulizi wengi husimulia kwa niaba ya mchezaji kisha wakasonga mbele bila kuhakikisha.

Mwalimu, nikuulize jambo moja la kimatumizi: unamalizaje? Huku meza inayofuata huwa imesimama nyuma yangu na tiketi zao mkononi.

Mwalimu wa Kisauni (Mombasa)

Dada, nakata hadithi dakika kumi kabla ya muda, popote ilipofika. Kama jahazi halijafika Pemba, halijafika. Dakika hizo kumi kila mchezaji anaeleza kwa sentensi moja mhusika wake alipata nini baadaye, na hapo huwa sirekebishi chochote. Mmoja alishawahi kujifanya waziri wa bandari na wenzake wakampigia makofi. Karatasi ya mhusika wanaondoka nayo, kwa nyuma nimeandika kanuni tano wanazohitaji kuendelea nyumbani na namna ya kutumia dadu za kawaida za pande sita kama hawana nyingine. Zangu za pande 20 huwa nazihesabu kabla hawajainuka. Hupungua hata hivyo, na zinazopendwa zaidi ni zile zinazong'aa, kwa hiyo siku hizi za kugawa nanunua za rangi moja, nyeupe zenye namba nyeusi, ambazo pia wazee husoma bila kutafuta miwani.