Mjadala: Aina za maneno zifundishwe kwa sentensi za fasihi au za kutunga?

Mleta hoja

Sentensi za mtindo wa "Juma anacheza mpira" ziondoke mapema darasani, nafasi yake ichukuliwe na methali, aya za hadithi na mazungumzo ya tamthilia. Sentensi ya kutunga huandikwa na mtu aliyekwisha kujua jibu. Akitaka kivumishi, anaandika "mtoto mzuri", na mwanafunzi anakiona kwa sababu kimekaa palepale baada ya nomino. Alichojifunza ni nafasi ya neno, kazi yake hajaijua.

Mwandikie ubaoni "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wengi watasema "kizuri" ni kivumishi, maana ndivyo lilivyo kwenye orodha waliyokariri. Lakini hapa hakuna nomino inayovumishwa. Neno limesimama badala ya nomino na ndilo linalotawala kitenzi "chajiuza", kwa hiyo ni kiwakilishi. Tanguliza "kitu" ("Kitu kizuri chajiuza") na papo hapo linarudi kuwa kivumishi. Kwa mifano ya "mtoto mzuri" pekee, somo hilo halipatikani.

Mchangiaji wa kwanza

Sina ugomvi na fasihi, nina ugomvi na kuanza nayo. Methali ni lugha iliyopunguzwa hadi kwenye mfupa. "Akili nywele, kila mtu ana zake": sehemu ya kwanza haina kitenzi, kishirikishi "ni" kimeachwa. "Damu nzito kuliko maji" vilevile. Mwanafunzi aliyeambiwa jana kwamba sentensi lazima iwe na kitenzi atakitafuta, atakikosa, na mwisho ataliandikia neno lolote herufi T (ya kitenzi) ili asiache pengo.

Ushairi ndio mbaya zaidi. Mtunzi anayefukuzia mizani (silabi) 8 katika kila kipande hufupisha maneno (inkisari), huyarefusha (mazida) na hupangua mpangilio (kuboronga sarufi). Akiandika "wake mwana" badala ya "mwana wake", kivumishi kimetangulia nomino, na anayeanza atakiita kiwakilishi. Tena kuna msamiati. Ukichukua "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", utamaliza nusu ya kipindi ukieleza sehemu za chombo cha baharini kabla hujagusa sarufi.

Mchangiaji wa pili

Mnabishania fasihi wakati kinachoharibu kazi ni uchaguzi wa sentensi. Sentensi inayofaa kuanzia ina maneno 4 hadi 10, maana ya kila neno inajulikana, na neno lenye utata ni moja tu. Yakiwa mawili, mwanafunzi akikosea hutajua kakwama wapi.

Halafu msiiache methali peke yake. Iwekeni bega kwa bega na sentensi ya kutunga yenye neno lilelile:

"Kimya kingi kina mshindo mkuu."
"Watoto walikaa kimya."

Sasa yafanyike majaribio, kwa mpangilio huu. Kwanza upatanisho: je, neno linatawala viambishi vya maneno mengine? Katika methali linatawala: k-ingi, ki-na. Katika sentensi ya pili halitawali chochote. Pili, kubadilisha: mahali pa "kimya" katika methali panakubali nomino nyingine, mradi viambishi vibadilike nayo ("Maneno mengi yana mshindo mkuu"), na katika sentensi ya pili panakubali "vizuri" au "vibaya". Tatu, swali: la kwanza linajibu "nini?", la pili "vipi?". Nomino na kielezi vimepatikana bila mtu kukariri fasili. Fanyeni hivyohivyo kwa "Haraka haraka haina baraka" na "Alikuja haraka".

Neno "na" linastahili kipindi chake lenyewe. "Haba na haba hujaza kibaba": kiunganishi. "Cha mlevi huliwa na mgema": kihusishi, kinamtaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa. "Kila mtu ana zake": limemezwa ndani ya kitenzi, halihesabiwi kama neno. Anayefundisha "na" kwa "baba na mama" tu anafundisha theluthi moja.

Mchangiaji wa tatu

Naafiki majaribio, ila kuna mahali yanapogonga mwamba. "Kikulacho ki nguoni mwako." Hilo "ki" la pili ni kitenzi kishirikishi, sawa. "Kikulacho" ni kitenzi chenye kirejeshi "-cho", na hapo hapo chote kinafanya kazi ya kiima, yaani kinachozungumziwa katika sentensi. Je, "nguoni"? Wengi huandika E kwa sababu kinataja mahali. Kama ni kielezi, "mwako" kinavumisha nini? Kivumishi hakivumishi kielezi. Mnaotaka sentensi za fasihi mjibu hilo kabla ya kuzipeleka darasani.

Mleta hoja

Jibu ni kutenganisha ngazi mbili ambazo vitabu vingi huzichanganya: aina ya neno na kazi ya kirai, yaani kundi la maneno linalofanya kazi pamoja. "Nguoni" ni nomino iliyopewa kiambishi -ni, na kwa sababu hiyo inatawala upatanisho wa mahali: m- katika "mwako". Kirai kizima "nguoni mwako" ndicho kinachofanya kazi ya kielezi. Wapo wanaoshikilia E kwa neno lenyewe, najua. Mwalimu atangaze uchanganuzi anaoufuata kabla ya zoezi, na sentensi yenye mgogoro wa aina hii ibaki kwenye majadiliano, isiingie kwenye mtihani wa herufi moja moja.

Mchangiaji wa nne

Upande wa fasihi nao una malalamiko. Hadithi ikishakatwakatwa kuwa N, T, V, E, hakuna atakayeisoma tena kwa raha.

Mchangiaji wa pili

Hilo hutokea uchanganuzi ukitangulia usomaji. Someni kwanza aya ya maneno 60 hadi 80 kwa sauti, maana ieleweke. Kisha shughulikieni aina moja tu ya maneno. Futeni vivumishi vyote, someni tena, muulize nini kimepotea. Rudieni kwa vielezi. Aina zote nane kwenye aya moja ndizo zinazochosha, na makosa huongezeka kuelekea mwisho kwa sababu wanafunzi wanaanza kubahatisha.

Fasihi pia hutoa vitu ambavyo sentensi za kutunga huvisahau. Vihisishi kama "Lo!" na "Ebo!" vimejaa kwenye mazungumzo ya tamthilia. Tanakali za sauti ziko kwenye ngano: "akaanguka majini chubwi". Na "nguo nyeupe pe": hapo "pe" ni kielezi kinachoeleza kivumishi. Kwa mazoea ya vitabu vya kiada, mwanafunzi huamini kielezi hufuata kitenzi tu.

Kwenye kusahihisha, gawanyeni alama: 1 kwa jina la aina, 2 kwa sababu. Aliyeandika "kiwakilishi" bila kueleza huenda amebahatisha. Aliyekosea jina lakini akaonyesha upatanisho sahihi yuko karibu zaidi na jibu kuliko huyo.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa methali na nathari nimelegeza kamba, mradi vipindi viwili vya mwanzo vibaki vya sentensi za kutunga ili majina ya aina yazoeleke. Ushairi hapana, si kabla mwanafunzi hajajifunza uhuru wa mshairi. Huwezi kumwonyesha kanuni inavunjwa kabla hajaiona ikifuatwa, na anayepinga alete ubeti mmoja ambao aliyeanza jana anaweza kuuchanganua wote bila kuambiwa neno fulani limekatwa.